Turbo katika Hotirodi: Somo la Hewa, Joto na Kiasi

Kila mwanafunzi aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anafahamu kwamba, baada ya kusukuma mara ishirini au thelathini, sehemu ya chini ya pampu huwa ya moto. Wengi wetu huona jambo hilo ni dogo, tukafunga pampu na kwenda zetu. Lakini jambo hilo dogo ndilo kiini cha makala haya. Tutalifuata hadi mahali ambapo huenda msomaji hakulitazamia: chini ya boneti ya gari la kizamani la Kimarekani, lililoundwa upya na mwenyewe, likatiwa turbo, kisha likatumiwa barabarani kwenda kazini, sokoni na matembezini kama magari mengine.

Gari la namna hiyo ni darasa la fizikia na kemia lililowekewa magurudumu. Sheria za gesi, nishati, inesha na uunguaji, ambazo mwanafunzi huzisoma katika sura mbalimbali za vitabu vyake, hapa hukutana mahali pamoja na kufanya kazi kwa wakati mmoja. Tofauti ni kwamba katika darasa hili anayekosea hesabu hapotezi alama. Hupoteza pistoni, na pengine maisha yake au ya mwenziwe aliyekuwa akipita njia.

Hotirodi ni gari la namna gani?

Jina hotirodi lilianzia Marekani. Katika miaka ya 1930 vijana wa kusini mwa California walikuwa wakinunua magari ya zamani kwa bei ndogo, hasa ya Ford, wakayavua matopeo na kila kisichokuwa cha lazima ili yawe mepesi, kisha wakaongeza nguvu za injini. Walikwenda kuyashindanisha katika vitanda vya maziwa yaliyokauka, kama vile Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare kwa kilometa nyingi. Mwaka 1932 Ford walitoa gari lenye injini ya V8 ya lita 3.6 kwa bei ambayo watu wa kawaida waliweza kuimudu. Injini hiyo ilikuwa na nguvu farasi 65, na modeli hiyo ya mwaka 1932 ikawa gari linalopendwa kuliko yote na wenye kazi hii. Mwaka 1937 vyama vya vijana hao viliungana kuunda chama cha kupima mwendo cha kusini mwa California, ili mashindano yawe na taratibu na usalama.

Tangu siku hizo hotirodi imekuwa burudani ya watu wengi. Wengine hutengeneza magari ya mashindano tu. Wengine, na hao ndio tunaowazungumzia leo, hutaka gari ambalo asubuhi litawaka bila matata, litasimama katika msongamano bila kuchemsha maji, na bado litakuwa na nguvu nyingi wakati njia ni nyeupe. Mambo hayo matatu hayapatani kwa urahisi. Ndiyo maana gari hilo lina mengi ya kutufunza.

Injini hupumua

Petroli peke yake haiungui. Ili kuunguza kilo 1 ya petroli kikamilifu zinahitajika kilo 14.7 hivi za hewa. Kwa hiyo nguvu ya injini haiamuliwi na wingi wa petroli tunayoweza kuimwaga, kwani kumwaga petroli ni rahisi. Huamuliwa na wingi wa hewa ambayo injini inaweza kuivuta.

Hebu tupige hesabu. Tuchukue mfano wa hotirodi ya Ford iliyotiwa injini ya Chevrolet V8 ya lita 5.7, injini inayotumiwa sana katika kazi hii. Injini ya mapigo manne hujaza silinda zake zote mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, itavuta ujazo wake mara 2,500, yaani lita 14,250. Lakini hewa huchelewa katika kabureta, katika mabomba na katika valvu, hivyo tuseme silinda zinajaa kwa asilimia 80 tu. Tunabakiwa na lita 11,400 kwa dakika. Lita moja ya hewa ya kawaida usawa wa bahari ina tungamo la gramu 1.2 hivi. Kwa hiyo injini hii, ikikanyagwa hadi mwisho, huvuta karibu kilo 13.7 za hewa kila dakika, na pamoja nayo zaidi ya lita moja ya petroli.

Tukitaka nguvu zaidi tuna njia tatu. Ya kwanza ni kuongeza ukubwa wa injini. Ya pili ni kuizungusha kwa kasi zaidi. Ya tatu ni kuibana hewa kabla haijaingia, ili katika ujazo ule ule zipatikane molekuli nyingi zaidi za oksijeni. Njia hii ya tatu ndiyo kazi ya turbo.

Asili na muundo wa turbo

Turbo ni kifaa cha zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Aliona kwamba gesi zinazotoka katika eksozi huondoka na sehemu kubwa ya nishati ya mafuta, takriban theluthi moja, nayo hupotea hewani bure. Akapendekeza gesi hizo zizungushe turbini, na turbini izungushe pampu ya hewa.

Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani, Sanford Moss, alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak katika jimbo la Colorado, kwenye kimo cha meta 4,300 hivi. Huko hewa ni nyepesi, na injini ambayo chini ilikuwa na nguvu farasi 350 ilishuka hadi 230 hivi. Alipoifunga turbo, nguvu zilirudi na kuipita kidogo hata ile ya chini. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ilitoa injini ya dizeli ya lori yenye turbo. Magari madogo ya kuuzwa kwa watu wote yalifuata mwaka 1962, Marekani, nayo yalikuwa Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder.

Muundo wake ni rahisi kuueleza. Kuna magurudumu mawili yenye mapezi, kila moja katika nyumba yake iliyojiviringa kama konokono, yakiunganishwa na mhimili mmoja mfupi. Gesi za eksozi hulisukuma gurudumu la kwanza, ambalo ndilo turbini. Gurudumu la pili, ambalo ndilo kompresa, huvuta hewa safi kutoka nje na kuisukuma kuelekea kwenye injini. Kando ya turbini huwa na valvu ya pembeni. Kanieneo ya hewa ikifikia kipimo kilichowekwa, valvu hiyo hufunguka, na sehemu ya gesi hupita kando bila kuigusa turbini. Valvu hiyo ndiyo breki ya turbo. Bila ya hiyo turbo ingeendelea kuongeza kasi hadi kitu kivunjike.

Msomaji afikirie kasi yenyewe. Gurudumu la kompresa lenye kipenyo cha milimita 60 lina mzingo wa meta 0.188 hivi. Likizunguka mara 100,000 kwa dakika, jambo ambalo ni la kawaida, ncha za mapezi yake husafiri kwa zaidi ya meta 310 kwa sekunde, karibu na kasi ya sauti hewani. Na wakati hayo yakitendeka upande mmoja wa mhimili, upande wa pili, umbali wa sentimita chache tu, gesi za eksozi zina joto linaloweza kupita nyuzi 850 za sentigredi.

Gharama ya kukandamiza

Sasa turudi kwenye pampu ya baiskeli. Tuseme tumeweka valvu ya pembeni ili turbo iongeze kilopaskali 50 juu ya kanieneo ya angahewa, ambayo tutaihesabu kuwa kilopaskali 100. Hewa inayoingia injini ina kanieneo ya kilopaskali 150. Mwanafunzi wa haraka atasema: "Hewa imeongezeka kwa asilimia 50, hivyo nguvu nazo zitaongezeka kwa asilimia 50." Hilo si kweli, na pampu ya baiskeli imekwisha kumwonya.

Hewa iliyoingia kompresa ikiwa na nyuzi 20, yaani 293 katika kipimo cha Kelvin, hutoka ikiwa na nyuzi 71 hivi, yaani 344 za Kelvin. Hayo ndiyo matokeo ya kompresa nzuri yenye ufanisi wa asilimia 70. Kwa kuwa densiti ya gesi hulingana na kanieneo ikigawanywa kwa halijoto ya Kelvin, ongezeko halisi ni:

1.5 × 293 ÷ 344 = 1.28

Tumepata asilimia 28 tu, wala si 50. Joto limetunyang'anya karibu nusu ya faida yetu. Dawa yake ni kuipoza hewa kabla ya kuingia injini, kwa kuipitisha katika rejeta ndogo inayopigwa na upepo wa mbele ya gari. Kifaa hicho mafundi hukiita intakula. Tuseme kimeishusha hewa hadi nyuzi 40, yaani 313 za Kelvin, lakini njiani tumepoteza kilopaskali 5 kwa msuguano. Sasa tunapata:

1.45 × 293 ÷ 313 = 1.36

Injini iliyokuwa na nguvu farasi 250 inaweza kukaribia 340. Tuseme "kukaribia" kwa sababu turbini nayo huizuia eksozi kidogo, na pistoni hulazimika kutumia nguvu kuisukuma gesi nje. Katika maumbile hakuna cha bure. Turbo ni mkopo wenye riba nafuu, si zawadi.

Kugonga: adui asiyeonekana

Faida kubwa ya kuipoza hewa si nguvu hizo za nyongeza bali ni uhai wa injini. Katika uunguaji wa kawaida plagi hutoa cheche, na moto huenea kwa utaratibu kutoka kwenye plagi hadi mwisho wa silinda, kama moto unavyotembea katika nyasi kavu. Mchanganyiko ulioko mbali na plagi, kabla haujafikiwa na moto, hubanwa na kupata joto kwa sababu ya gesi zinazotanuka nyuma yake. Joto hilo likizidi kiasi, mchanganyiko huo huwaka wenyewe wote kwa mara moja. Mawimbi makali ya kanieneo hupiga kuta za silinda, na dereva husikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Hiyo ndiyo injini kugonga.

Kugonga mara moja kwa muda mfupi huenda kusilete madhara. Kugonga kwa sekunde chache huku turbo ikisukuma kwa nguvu zote kunaweza kuvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, kupasua gasketi ya hedi, au kutoboa pistoni yenyewe. Ikumbukwe kwamba alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, na moto wa ndani ya silinda ni mkali zaidi ya hapo kwa mbali. Pistoni hupona kwa sababu tabaka nyembamba ya gesi iliyotulia juu ya uso wake huikinga, na kugonga huipeperusha tabaka hiyo.

Mjenzi wa hotirodi ana ngao tano za kuzuia kugonga. Hupunguza uwiano wa mkandamizo wa injini, kwa mfano kutoka 10 kwa 1 hadi 8.5 kwa 1. Hutumia petroli yenye namba kubwa ya okteni. Huchelewesha cheche kadiri kanieneo inavyopanda. Huongeza petroli kidogo kuliko inavyotakiwa kwa kuungua, ili ziada hiyo ipoze mchanganyiko inapogeuka mvuke. Na huipoza hewa, kama tulivyoeleza.

Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ni mfano mwema wa jinsi ngao moja inavyoweza kumponyoka mtu. Wahandisi wake walibakiza mkandamizo mkubwa wa 10.25 kwa 1 katika injini ya lita 3.5, wakapata nguvu farasi 215. Ili isigonge, walinyunyizia ndani ya hewa mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka katika tangi dogo. Kisayansi mpango huo ulikuwa sahihi, na palikuwa na kifaa cha kupunguza kanieneo tangi likiisha. Lakini wenye magari walisahau kulijaza, gari likapoteza nguvu, na malalamiko yakawa mengi. Baada ya modeli ya mwaka 1963 gari hilo halikuendelea, na magari mengi yaliyokwisha kuuzwa yalivuliwa turbo zake na kufungwa kabureta ya kawaida. Fundisho ni kwamba chombo cha kutumiwa kila siku hakina budi kufaa tabia ya mtumiaji, na si sheria za fizikia peke yake.

Nguvu zinazochelewa

Jambo jingine ambalo mwenye gari hili hukutana nalo kila siku ni kuchelewa kwa turbo. Magurudumu yale mawili yana inesha. Dereva akikanyaga pedali ghafla, gesi za eksozi zinahitaji muda kuyaongezea kasi, na kwa muda huo injini huwa kama haina turbo. Turbo kubwa huleta nguvu nyingi katika mwendo mkubwa lakini huchelewa sana; turbo ndogo huamka mapema lakini huishiwa pumzi injini ikienda kasi. Mwaka 1977 kampuni ya Saab ya Sweden ilionyesha gari la 99 Turbo, ambalo liliundwa kwa makusudi kutoa nguvu katika mwendo wa kawaida wa barabarani. Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa baadaye na watengenezaji wengi.

Mjenzi wa hotirodi aliyevutwa na tarakimu huchagua turbo kubwa. Hebu tuone matokeo yake. Siku ya mvua, dereva anatoka katika mzunguko wa barabara kwa gia ya pili. Anakanyaga pedali nusu, gari halijibu. Anaongeza kidogo, bado. Anaongeza tena, na hapo hapo turbo inaamka na kuleta nguvu za pedali zote tatu alizokanyaga, huku magurudumu ya mbele yangali yamekata kona. Matairi ya nyuma hayawezi kuzipeleka nguvu hizo kwenye lami yenye maji, yanateleza, na gari linageuka kuangalia lilikotoka. Dereva huyu hakuwa mzembe kwa kipimo cha gari la kawaida. Kosa lake lilikuwa kununua nguvu bila kuuliza zitafika lini.

Kwa sababu hiyo wazoefu wa magari ya namna hii hupendelea turbo ya kiasi inayoanza kufanya kazi mapema na kuongeza nguvu polepole. Aidha, hufundisha mguu wao kusubiri: hukanyaga kidogo, hungoja jibu, ndipo huongeza.

Desturi za kila siku

Joto ndilo jirani ambaye mwenye gari hili hawezi kumhama. Uso wa Ford ya mwaka 1932 ni mwembamba, na rejeta inayoenea hapo ni ndogo. Ikitanguliwa na intakula hupata upepo uliokwisha kupashwa moto. Katika mwendo upepo hutosha. Katika msongamano hakuna upepo, hivyo feni imara ya umeme ni lazima. Mabomba ya petroli yaliyopita karibu na turbo yanaweza kuchemsha petroli iliyo ndani, ikageuka mvuke, na injini ikazimika kwa kukosa mafuta ingawa tangi limejaa. Mabomba ya mpira na nyaya za umeme hukauka na kupasuka. Kwa hiyo bomba la eksozi hufungwa vitambaa visivyoungua, na bamba la chuma huwekwa kuzuia mnururisho wa joto.

Oili ndiyo damu ya turbo. Mhimili wake hauelei juu ya beringi za gololi katika turbo nyingi, bali huelea juu ya utando mwembamba wa oili yenye kanieneo. Oili hiyo hulainisha na pia hubeba joto. Dereva akifika nyumbani kwa mwendo mkali akazima injini papo hapo, pampu ya oili husimama, lakini joto la turbini hubaki. Oili iliyonaswa humo huungua na kuacha masizi magumu ambayo baadaye huziba njia na kuua beringi. Desturi njema ni mbili: kwenda taratibu katika kilometa ya mwisho, na kuiacha injini iunguruma kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Turbo nyingi za baadaye zilipewa njia ya maji kuzunguka beringi ili kupunguza hatari hiyo, lakini desturi haikupoteza maana yake. Hali kadhalika oili ibadilishwe mapema kuliko katika gari la kawaida, na bomba la kurudisha oili lishuke moja kwa moja hadi kwenye sampu, kwa kuwa oili hurudi kwa uzito wake tu.

Mwenye gari hili hujifunza pia kusoma dalili. Moshi wa buluu huonyesha oili inaungua. Moshi mweusi, petroli imezidi. Moshi mweupe usiokwisha injini inapopata moto, maji yanaingia silinda. Mluzi mpya unaopanda na kushuka pamoja na pedali mara nyingi humaanisha bomba la hewa limelegea. Mbele yake huwekwa geji za kanieneo ya hewa, kanieneo ya oili, joto la maji, na uwiano wa hewa na petroli. Geji hizo si mapambo. Kila moja huuliza swali, na dereva anayefahamu jibu lake sahihi hugundua ugonjwa kabla ya msiba.

Breki kwanza

Nguvu zikiongezwa katika gari lililobuniwa mwaka 1932, sehemu nyingine zote hubaki nyuma. Ford ya mwaka huo ilikuwa na breki za ngoma zilizovutwa kwa vyuma, bila haidroliki. Tuseme hotirodi yetu ina kilo 1,100. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa nishati mwendo yake ni kilojuli 106 hivi. Kwa kilometa 100 kwa saa ni kilojuli 424. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini joto ambalo breki lazima zilimeze limeongezeka mara nne. Ndiyo maana mjenzi mwenye busara huanza na breki za diski, matairi, usukani, springi na shokapu, kisha klachi na giaboksi, na turbo huifanya kuwa kazi ya mwisho. Anayeanza na turbo amejenga nyumba kuanzia paa.

Kishawishi cha skrubu moja

Tumefika kwenye jambo ambalo huamua kama gari hili litaishi au litakufa. Katika injini isiyo na turbo, anayetaka nguvu zaidi hana budi kufungua injini, kununua vipuri na kufanya kazi ya siku nyingi. Muda huo humpa nafasi ya kufikiri. Katika injini yenye turbo mara nyingi inatosha kukaza skrubu moja inayozuia valvu ya pembeni, au kugusa kitufe. Kanieneo hupanda, gari huenda mbio zaidi, na jioni hiyo hakuna kinachovunjika. Mwenye gari hulala akiamini amepata faida bila gharama.

Lakini ngao zote tano tulizozitaja zilipimwa kwa kanieneo ya zamani. Hewa sasa ni ya moto zaidi, petroli pengine haitoshi, cheche inawahi, na akiba ya usalama imekwisha. Siku yenye joto, kwenye mlima mrefu, au baada ya kujaza petroli ya okteni ndogo, injini itagonga. Na sauti ya eksozi itaufunika mlio wa onyo. Ndipo msemo wa wahenga, mtaka yote hukosa yote, unapopata ushahidi wa chuma kilichotoboka. Mjenzi anayetaka kuendesha gari lake kwa miaka mingi huamua kiasi mapema, akiwa ametulia na kalamu mkononi, kisha huacha skrubu mahali pake.

Turbo na sisi

Msomaji asidhani mambo haya ni ya California tu. Malori mengi yanayopanda kutoka pwani yetu kwenda nyanda za juu yana injini za dizeli zenye turbo, na magari yenye turbo yaliyotumika Japani yamezoeleka katika miji yetu. Katika mashindano ya Safari Rally ya Kenya, Toyota Celica yenye turbo ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986.

Kimo nacho kinatuhusu. Nairobi iko meta 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kilopaskali 83 hivi badala ya 101 za Mombasa. Injini ya kawaida hupoteza karibu moja ya sita ya pumzi yake. Turbo inaweza kufidia upungufu huo, lakini ili ifikie kilopaskali 150 zile zile lazima ibane hewa mara 1.8 badala ya 1.5. Hivyo itazunguka kwa kasi zaidi na kuitia hewa joto zaidi. Yaliyomkuta Moss juu ya mlima wa Colorado yanatukuta sisi kila tunapopanda kutoka pwani.

Jaribio

Chukua pampu ya baiskeli na kipimajoto. Funga kipimajoto kwa uzi kwenye sehemu ya chini ya pampu na andika halijoto. Unganisha pampu na tairi lililojaa nusu, sukuma mara 30 kwa haraka, uandike halijoto tena. Ngoja pampu ipoe kabisa. Kisha rudia kusukuma mara 30, lakini sasa bila kuunganisha na tairi, mdomo ukiwa wazi. Msuguano ni karibu ule ule katika majaribio yote mawili. Linganisha matokeo, kisha eleza ni sehemu gani ya joto inayotokana na kukandamizwa kwa hewa.

Maswali

1. Hewa huingia kompresa ikiwa na kilopaskali 100 na nyuzi 27 za sentigredi, na hutoka ikiwa na kilopaskali 180 na nyuzi 117. Densiti yake imeongezeka mara ngapi? (Jibu: mara 1.38 hivi.)

2. Gari likitoka mwendo wa kilometa 40 hadi 120 kwa saa, nishati mwendo yake huongezeka mara ngapi? Jibu lako linamwambia nini anayetaka kuongeza nguvu za injini bila kubadili breki?

3. Kwa nini kuongeza petroli zaidi ya kiasi cha kuungua kunaweza kuilinda injini yenye turbo, ingawa ni upotevu wa mafuta?

4. Kwa nini turbo ndogo inaweza kulifanya gari kuwa la haraka zaidi mjini kuliko turbo kubwa?

5. Katika mfano wetu, intakula iliongeza hewa kutoka asilimia 28 hadi 36. Jadilini darasani: mkipewa hiari ya kuitumia faida hiyo kuongeza nguvu, au kubaki na nguvu zile zile kwa kanieneo ndogo zaidi, mtachagua lipi kwa gari la kutumiwa kila siku, na kwa sababu gani?